UZI: Mtoto anaomba chuo cha kijeshi Marekani? Faili la afya lianze kabla ya kila kitu

#1 MamaTanga_TX

Wanajamvi, salaam.

Uzi huu ni wa wazazi wenzangu tulioko Marekani ambao watoto wao wako darasa la 10 au la 11 na wameanza kutaja West Point (chuo cha jeshi la nchi kavu), Annapolis (cha jeshi la majini) au kile chuo cha jeshi la anga cha Colorado Springs. Nimeulizwa jambo hili msibani, harusini na kwenye magrupu ya WhatsApp, na kila mara najibu nusu nusu. Leo nimekaa nilimalize.

Binti yangu ni kadeti, anamaliza mwaka wa kwanza. Lakini aliomba mara mbili. Mara ya kwanza alama alikuwa nazo, uteuzi wa mbunge, yaani mbunge kumpendekeza chuoni, alikuwa nao, mtihani wa mazoezi ya mwili aliumaliza bado ana pumzi. Akakosa nafasi kwa sababu faili lake la afya halikufungwa kwa wakati. Naomba mnielewe hapo: hakuwa mgonjwa, wala hakuna ugonjwa uliogundulika. Karatasi zilichelewa, nafasi zikajaa.

Kwa wasiojua utaratibu. Vyuo hivi havimpimi mtoto vyenyewe. Kuna bodi moja ya Idara ya Ulinzi inaitwa DoDMERB, makao yake yako hapo hapo kwenye eneo la chuo cha jeshi la anga, Colorado. Ndiyo inayosoma faili la kila mwombaji wa West Point, Annapolis, Colorado Springs, Kings Point (chuo cha mabaharia wa meli za biashara) na Coast Guard Academy (chuo cha walinzi wa pwani), pamoja na wanaoomba ufadhili wa ROTC (mafunzo ya uofisa ndani ya vyuo vikuu vya kawaida). Kipimo ni kimoja, kinatumika kote. Mtoto anajaza dodoso refu la historia ya afya, halafu anapangiwa madaktari wawili wa maeneo ya karibu, mmoja wa macho na mmoja wa mwili mzima. Hulipi chochote kwa vipimo hivyo. Majibu yanakwenda bodi.

Bodi ikishasoma, inatoa moja ya majibu matatu. La kwanza, amekidhi vigezo, mambo yamekwisha. La pili, wanataka taarifa zaidi: leteni rekodi za hospitali fulani, nendeni mkapime hiki. La tatu, hajakidhi vigezo. Hilo la tatu likiingia kwenye simu mnaweza kulia nyumba nzima, sisi tulilia. Lakini mlango unakuwa haujafungwa, maana chuo chenyewe kinaweza kumpa msamaha, ambao huku wote tunauita weva. Bodi haitoi weva. Bodi inasema tu mtoto yuko ndani au nje ya mstari uliochorwa na Idara. Chuo ndicho kinaamua kama kinamtaka hivyo hivyo alivyo. Ndiyo maana mtoto mmoja, kwa tatizo lile lile, anaweza kupewa weva na jeshi la nchi kavu akanyimwa na jeshi la majini.

Sasa yaliyotukuta.

Ujumbe wa kujaza dodoso uliingia mwezi Julai. Tukauweka pembeni. Tulikuwa na insha, barua za walimu, usaili wa kwa mbunge. Nikamwambia mwanangu, hilo la afya halina presha, wewe mzima, unakimbia kila asubuhi. Akajaza mwishoni mwa Oktoba. Vipimo akafanya Novemba, macho mji mmoja, mwili mji mwingine, kati yake wiki mbili.

Kwenye dodoso kulikuwa na swali kama amewahi kutumia inhela, ile dawa ya kifua ya kuvuta kwa mdomo. Akaandika ndiyo, na ilikuwa kweli. Alipokuwa na miaka 14 alipata mafua yakaacha kikohozi kisichokwisha, nikampeleka kliniki moja ya mtaani, wakampa dawa ya maji na inhela, akaitumia kama wiki mbili. Mimi nilishasahau kabisa. Hakuna daktari aliyewahi kutuambia ana pumu. Lakini mstari wa jeshi unasema pumu, au kubana kwa njia ya hewa kwa namna yoyote, baada ya kutimiza miaka 13, ni sababu ya kutokidhi. Angeipata hiyo inhela akiwa na miaka 11, pengine yasingekuwa mazungumzo marefu.

Mwanzoni mwa Desemba bodi ikaomba rekodi zote za inhela hiyo. Kliniki ile ilishabadilisha wenyewe, mafaili ya zamani yamehifadhiwa kwingine. Piga simu, jaza fomu, tuma nakala ya kitambulisho, subiri. Yakafika mwisho wa Januari. Februari wakataka apimwe mapafu na daktari bingwa, kile kipimo cha kupuliza kwenye mashine. Nafasi ya karibu kwa bingwa ilikuwa wiki tano mbele. Akapuliza katikati ya Machi, mapafu safi. Mwisho wa Machi jibu: hajakidhi vigezo, faili linapelekwa chuoni kwa ajili ya weva. Katikati ya Aprili ndipo vyuo vinamaliza kutoa nafasi, na waliopata wanatakiwa wajibu kabla ya 1 Mei. Weva ilikuwa bado iko mezani kwa mtu.

Angejaza dodoso Julai ile ile, kwa mapafu yale yale na rekodi zile zile, Januari tungekuwa tumemaliza.

Alikwenda chuo kikuu cha kawaida mwaka mmoja, akaomba tena. Kipimo cha bodi kinadumu miaka miwili, kwa hiyo hakuanza upya, faili lilikuwa limejaa tayari. Weva ikaja kabla ya Krismasi. Mwisho wa Juni tukampeleka. Siku ile wanakupa dakika chache tu za kumuaga mtoto, halafu anaingia mlangoni na begi dogo.

Jambo moja linachanganya wengi. Huwezi kujipeleka bodi mwenyewe ukasema nipimeni. Chuo ndicho kinapeleka jina, na kinapeleka baada ya mwombaji kukamilisha hatua za mwanzo za maombi. Kwa hiyo kuanza mapema maana yake ni mtoto afungue maombi majira ya kuchipua ya darasa la 11, siku mlango unapofunguliwa, amalize zile hatua za mwanzo ili jina lake liende. Na wewe mzazi unaanza hata kabla ya hapo, kukusanya karatasi.

Ulizeni, nitajibu ninachokijua.

#2 Mgosi_wa_Bumbuli

Asante sana dada. Naweka kambi hapa, wangu yuko darasa la 10.

#3 Nesi_wa_Minnesota

MamaTanga umenigusa. Mimi ni nesi, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiwasaidia familia zetu kujaza fomu za afya za kila aina, za shule, za uhamiaji, na hizi za jeshi. Niongeze jambo ambalo mzazi Mmarekani hana haja ya kuliwaza, sisi tunalo: historia ya watoto wetu imeandikwa kwa Kiswahili, na Kiswahili chetu cha hospitali kinaweza kumponza mtoto.

Mfano ulionitokea mkononi. Baba mmoja alikuwa anamsaidia kijana wake kujaza dodoso. Ana kadi ya kliniki ya kutoka nyumbani, nesi wa miaka hiyo kaandika "pumu ya ngozi". Baba akaona neno pumu, akaweka tiki kwenye pumu. Jamani, pumu ya ngozi ni ule ukurutu wa kuwasha kwenye viwiko na nyuma ya magoti, haina uhusiano wowote na mapafu kwenye fomu hii. Ina swali lake kwenye sehemu ya ngozi. Kijana hajawahi kubanwa kifua hata siku moja, lakini ikabidi apelekwe kupimwa mapafu, aandikiwe barua na daktari wake, na baba aandike maelezo ya namna neno lilivyokosewa. Miezi imekwenda kwa sababu ya tiki moja.

La pili ni degedege. Karibu kila familia ya kwetu ina mtoto aliyewahi kupata degedege kwa homa ya malaria. Ukilitafsiri vibaya linageuka kifafa. Na umri una maana kubwa hapa: jeshi linaangalia kama mtoto alipata degedege au kifafa baada ya kutimiza miaka 6. Baada ya hapo wanataka kuona miaka 5 bila tukio lolote na bila dawa, pamoja na kipimo cha mawimbi ya ubongo kilicho safi. Kabla ya hapo, kwa homa, ni habari nyingine. Kwa hiyo ukikumbuka kwamba ilikuwa "alipokuwa mdogo", haitoshi. Ilikuwa mwaka gani? Alikuwa anatambaa au ameshaanza shule? Mpigie bibi yake leo, umuulize, maana bibi ndiye aliyembeba usiku ule kumpeleka hospitali na anakumbuka hata mvua ilikuwa inanyesha.

La tatu, selimundu. Watoto waliozaliwa huku hupimwa siku za kwanza baada ya kuzaliwa, jibu lipo. Waliozaliwa nyumbani wengi hawajawahi kupimwa. Kubeba vinasaba vya selimundu si sawa na kuugua selimundu, na kwenye fomu ni mambo mawili tofauti. Kama hamjui, mwombeni daktari wake apime damu, mpate jibu la maabara lenye tarehe. Msikisie.

Ushauri wangu: dodoso lisijazwe na mtoto peke yake usiku wa manane kwenye simu. Kaeni mezani, mtoto, mama, baba, na kama kuna neno la Kiswahili mna shaka nalo, ulizeni mtu wa afya kabla ya kubofya kutuma.

#4 MamaTanga_TX

Nesi, Mungu akubariki. Hilo la pumu ya ngozi nimelisoma mara mbili nikasisimka. Kadi ya binti yangu nayo ina maneno hayo hayo, bahati tu tuliiruka.

#5 BabaWawili_Ohio

Hodi. Mimi nina swali la moja kwa moja, msinichukie. Inhela ya wiki mbili, miaka minne nyuma, kliniki yenyewe imekufa. Kwani lazima aseme? Nani atajua? Naona mmejitafutia matatizo kwa mikono yenu.

#6 MamaTanga_TX

Kaka, sikuchukii, na swali hilo niliulizwa hata na ndugu zangu wa damu. Nitakujibu kama nilivyowajibu wao.

Chini ya dodoso mtoto anathibitisha kwamba alichoandika ni kweli. Ndiyo saini yake ya kwanza mbele ya jeshi. Anakwenda kwenye vyuo ambavyo kadeti anaweza kufukuzwa kwa kusema uongo, hata uongo ambao wewe na mimi tungeuita mdogo. Sasa mimi mama yake nimfundishe kuingia hapo kwa uongo, halafu akae miaka minne na ile kitu moyoni, kila akikohoa anaogopa kwenda zahanati? Sikuweza. Alikosa mwaka mmoja na nililia, ila kama ni kuchagua tena nachagua vilevile.

#7 Sajini_Mstaafu

BabaWawili, nikuongezee upande wa kazi. Nimetumikia jeshi la nchi kavu miaka 20. Kwanza, habari ya "nani atajua" imekwisha. Tangu 2022 vituo vinavyopima askari wapya vinatumia mfumo wa kielektroniki unaoweza kuvuta rekodi za dawa na hospitali za kiraia. Nimeona vijana waliokuwa wameambiwa na watu wazima wakaushe, rekodi ya dawa ikafunguka mbele yao wakiwa wamesimama. Hapo tatizo halikuwa ugonjwa tena.

Pili, na hili ndilo kubwa zaidi kwangu, mstari huo wa afya una sababu zake. Mtu anayebanwa kifua akiwa kwenye vumbi, amebeba mzigo, kilomita nyingi kutoka kwa daktari, anahatarisha maisha yake na ya wenzake watakaombeba. Wanauliza kwa sababu wameshapoteza watu. Mwache daktari wao apime. Kama mapafu ni mazima yataonekana mazima, kama yalivyoonekana ya binti wa MamaTanga.

#8 BabaWawili_Ohio

Nimewaelewa wote wawili. Asanteni kwa kunijibu kwa upole. Nitakaa na mwanangu wikendi hii.

#9 Mkenya_Maryland

Habari zenu. Sisi ni watu wa Nyeri, tuko huku tangu 2009. Kijana wetu aliomba vyuo viwili pamoja na ROTC, na kwake shida ilikuwa TB.

Sijui kama mnajua, ile chanjo ya BCG tunayopewa tukizaliwa inaweza kufanya kile kipimo cha TB cha ngozi kivimbe hata kama huna TB. Sisi Wakenya alama yake iko mkononi, upande wa kushoto, ninyi Watanzania naona iko bega la kulia. Marekani watoto hawachanjwi hiyo kwa kawaida, kwa hivyo daktari kijana akiona mkono umevimba anaandika tu kwamba jibu ni chanya. Kijana wangu aliandikiwa hivyo shuleni akiwa darasa la 8. Tukaambiwa mapafu ni sawa kwa eksirei, tukaenda nyumbani, tukasahau.

Ikaja dodoso. Ameandika ukweli, na bodi ikataka kila kitu: eksirei ya wakati huo, jina la daktari, kama alipewa dawa, kama alizimaliza. Mtu mwenye TB iliyolala anatakiwa aonyeshe amemaliza matibabu. Sasa sisi hatukuwa na matibabu kwa sababu hakuwa na ugonjwa!

Kilichotuokoa ni daktari wa familia aliyetuambia kuna kipimo cha damu ambacho BCG haikichanganyi. Akatolewa damu, jibu likarudi hasi, daktari akaandika barua fupi akieleza chanjo ya utotoni na kwa nini jibu la ngozi lilikuwa vile. Tukaambatanisha na kadi ya kliniki ya Kenya. Hiyo barua ilifanya kazi kuliko simu zote nilizopiga. Na kwa sababu tulikuwa tumeanza mwezi wa sita, yote hayo yaliisha kabla ya Thanksgiving, ile sikukuu ya mwishoni mwa Novemba.

Kwa hivyo kama mtoto wako alizaliwa nyumbani, usingoje waulize. Fanya hicho kipimo cha damu sasa.

#10 Nesi_wa_Minnesota

Naunga mkono neno kwa neno. Na kadi ya kliniki ipigwe picha pande zote, isipotee ndiyo hiyo moja.

#11 Kadeti_Mwaka_wa_3

Shikamooni wakubwa. Mimi ni kadeti, sitataja chuo. Mzazi wangu mmoja ni wa Bukavu, mwingine wa Kigoma, kwa hiyo Kiswahili changu mkivumilie. Naongeza vitu vidogo ambavyo wazazi hawavijui kwa sababu havionekani kama magonjwa.

Macho. Kuvaa miwani si shida, wengi wetu tunavaa. Lakini kuna kiwango, lenzi zikizidi nguvu ya 8, iwe ya kujumlisha au ya kutoa, hujakidhi. Wanaovaa lenzi za machoni wanatakiwa wazivue siku kadhaa kabla ya kipimo, na lenzi ngumu zinahitaji muda mrefu zaidi. Rafiki yangu alikwenda nazo, akarudishwa, akapangiwa tarehe nyingine mwezi uliofuata. Na upasuaji wa macho wa leza msifanye haraka haraka mkidhani mnasaidia: wanataka ipite miezi 6, na wanataka karatasi za jicho lilivyokuwa kabla ya upasuaji.

Rangi. Kuna mtu hajui kama haoni vizuri nyekundu na kijani mpaka siku ya kipimo. Kwa wanaotaka meli na ndege ni jambo zito. Mpelekeni kwa daktari wa macho akiwa darasa la 10, ajue mapema ili achague vyuo akijua.

Waya za meno. Lazima zitoke kabla ya siku ya kuingia. Ukianza kuzivaa ukiwa darasa la 12 unajifunga mwenyewe. Muulize daktari wa meno lini zinatoka, akupe barua yenye tarehe.

Dawa za utulivu wa shuleni, zile za ADHD (tatizo la kutotulia na kukosa makini). Wanaangalia kama umezitumia ndani ya miezi 24, na kama shule ilikuwekea mpango maalum baada ya miaka 14. Usiache dawa bila daktari wako kwa ajili ya hii, tafadhali. Lakini zungumza naye mapema, kwa sababu miezi 24 ni mingi.

Na msichanganye hii na mtihani wa mazoezi, ule wa pushapu na kukimbia maili 1. Ule ni kitu kingine, unafanya na mwalimu wako wa michezo. Nilimwona kijana amefanya ule akamwambia mama yake "medical imeisha".

#12 MamaTanga_TX

Marahaba mwanangu. Mungu akutunze huko uliko. Wazazi wako wamefanya kazi.

#13 Mwalimu_Dodoma

Nafuatilia nikiwa Tanzania. Je, kijana aliyeko hapa nyumbani, mwenye uwezo mzuri darasani, anaweza kuomba vyuo hivyo?

#14 Sajini_Mstaafu

Mwalimu, njia ipo lakini ni nyembamba na si hii tunayoizungumzia. Kila kimoja cha vyuo vile vitatu vikubwa kinaruhusiwa kuwa na makadeti wa kigeni hadi 60 kwa wakati mmoja, kutoka dunia nzima. Wanapelekwa na serikali zao, kwa kupitia ubalozi wa Marekani wa nchi husika, na wakihitimu wanarudi kutumikia majeshi ya kwao. Kijana hatumi maombi peke yake kutoka mtandaoni. Akitaka uofisa hapo nyumbani, njia yake ni JWTZ, jeshi la Tanzania, na chuo chake cha maofisa cha Monduli, na utaratibu wao aufuate kwa wenyewe.

Kwa hawa wa huku, sharti la kwanza kabisa ni uraia wa Marekani. Na hapo kuna karatasi nyingine inayochelewa, ngoja mwenye kujua aeleze.

#15 Mkenya_Maryland

Hiyo naijua, ilitupata pia. Kwa sheria iliyoanza 2001, mtoto chini ya miaka 18 mwenye grini kadi (kibali cha ukaazi wa kudumu), anayeishi huku na mzazi aliyeshakuwa raia, anakuwa raia moja kwa moja. Lakini uraia bila karatasi hauonekani. Mchukulieni pasipoti ya Marekani mara tu mzazi anapoapa. Sisi tulingoja, na wakati chuo kinaomba ushahidi ndio tunakimbia kupiga picha za pasipoti. Weka hilo kwenye faili moja na haya ya afya.

#16 Mgosi_wa_Bumbuli

Dada MamaTanga, nimesoma yote mpaka hapa, mke wangu naye kasoma. Binti yetu ndiyo kwanza darasa la 10, maombi hayajafunguliwa. Wiki hii tufanye nini hasa? Tumeshtuka kidogo kwa sababu alizaliwa Lushoto, alikuja na miaka 6, na hatuna karatasi hata moja ya huko.

#17 MamaTanga_TX

Mgosi, msishtuke, mna muda ambao mimi sikuwa nao.

Anza na huku. Andika kila kliniki, kila hospitali, kila daktari wa macho na wa meno aliyewahi kumwona tangu mfike. Wengi wana akaunti ya mgonjwa kwenye intaneti, ingia upakue. Zile ambazo hazina, omba kwa barua sasa hivi ambapo hakuna anayekusubiri. Halafu nendeni duka la dawa mnalotumia mkaombe orodha ya dawa zote alizowahi kuandikiwa. Orodha hiyo ndiyo itakuonyesha inhela, au krimu, au dawa yoyote mliyoisahau. Mimi ningeiona yangu miaka miwili kabla.

Ukiikuta dawa ya namna hiyo, mpeleke mtoto kwa daktari wake wa kawaida, mwombe atazame rekodi na aandike alichokiona: mtoto alikuwa na nini, dawa ilitumika siku ngapi, tangu hapo hali yake ikoje. Barua ya daktari inayosema ukweli kwa tarehe ina uzito. Msimwombe aandike kitu ambacho hakipo. Na kama kuna haja ya kipimo cha mapafu, fanyeni sasa kwa bima yenu, kwa nafasi yenu. Bodi wanaweza wakataka kingine chao, lakini angalau mtajua mnaelekea wapi.

Bodi wakija kuandika wanataka taarifa zaidi, jibuni wiki hiyo hiyo. Someni barua neno kwa neno, mtume kile kilichoombwa chote, kisipungue karatasi moja, kwa sababu kikipungua mnarudi mwisho wa foleni. Na mtoto awe anafungua barua pepe yake kila siku. Ujumbe wao mmoja kwetu ulikaa siku tisa kwenye kapu la barua taka.

Kama ana ndoto ya ROTC vilevile, kumbuka huko weva kwa kawaida huanza kushughulikiwa baada ya kupewa ufadhili, kwa hiyo saa yake ni nyingine.

Halafu nyumbani. Mpigie mama yako.

#18 Mgosi_wa_Bumbuli

Nimempigia sasa hivi, huko ni saa 3 asubuhi. Anasema kuna sanduku la bati chini ya kitanda, atalifungua mjukuu akirudi kutoka sokoni, macho yake hayasomi tena maandishi madogo.

Nikamuuliza na la degedege. Kanyamaza, halafu akasema ilikuwa mara moja, mwaka ule daraja lilipozolewa na maji, mtoto alikuwa hajaota meno ya mbele yote. Mke wangu amehesabu, ni mwaka na nusu hivi. Ameiandika na tarehe ya leo.

#19 Nesi_wa_Minnesota

Mwaka na nusu, kwa homa, mara moja. Iandikeni hivyo hivyo. Hongera kwa kuuliza.

#20 Mgosi_wa_Bumbuli

Kadi imepatikana. Mjukuu ametuma picha nane. Kona moja imeliwa na mchwa, uzito wa miezi ya mwanzo haupo, lakini jina, tarehe ya kuzaliwa na mhuri wa BCG vinasomeka. Bibi ameagiza irudishwe sandukuni, kasema asiiguse mtu mpaka nije mwenyewe Desemba.